Baiskeli kwenye barabara za changarawe: Usambara na suala la breki

Mbio za baiskeli za changarawe hufanyika kwenye barabara zisizo na lami: za kifusi, za vumbi, za mawe madogo au za udongo mtupu. Si mbio za lami kama Tour de France, wala si zile za vijia vya msituni. Tulipozigusia kipindini, wasikilizaji wengi waliuliza swali moja: si ndizo barabara zetu hizi? Ndizo.

Mchezo huu ulikulia Marekani. Mbio za Kansas zinazoitwa leo Unbound Gravel zilianza mwaka 2006, na umbali wake mkuu ni takriban kilomita 320, zinazomalizwa bila kulala. Mwaka 2022 shirikisho la dunia, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa changarawe huko Veneto, Italia. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaanza: Migration Gravel Race, ya siku nne, ilifanyika Kenya mara ya kwanza mwaka 2021 upande wa Maasai Mara. Mkenya Suleiman Kangangi, maarufu kama Sule, nahodha wa timu ya Amani, ndiye aliyejulikana zaidi. Alifariki kwa ajali tarehe 27 Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33.

Turudi Lushoto. Kutoka Mombo kupitia Soni ni kama kilomita 33 za lami, na unapanda takriban mita 1,000. Changarawe yenyewe huanza ukishaupita mji, kuelekea Lukozi na Mtae, au Mlalo. Watu wakizungumzia njia hizi husimulia mlima. Mimi pia nimesukuma baiskeli kwa miguu kuelekea Magamba, wala sioni aibu. Lakini mlima humchosha mtu tu. Kinachomuumiza ni mteremko.

Chukua Phoenix, baiskeli ambayo wengi wetu tulijifunzia. Tairi lake lina upana wa karibu milimita 40, sawa kabisa na matairi mengi ya mbio za changarawe, kwa hiyo kwenye kokoto halina tatizo. Tatizo ni breki za vyuma. Zinakandamiza vipande viwili vya raba kwenye rimu, na rimu ikilowa maji raba huteleza. Baiskeli za mashindano siku hizi hutumia breki za sahani, ambazo ziko karibu na kitovu cha gurudumu, mbali na matope. Uzito nao unachangia: Phoenix hufika kilo 20, ya mashindano ni kama nusu yake. Ongeza gunia la viazi kwenye keria, uone.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, umbali wa kusimama baada ya kushika breki hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwenye kona za huku, ambako Fuso la kabichi linaweza kutokea upande wa pili bila honi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kusimama na kuingia bondeni. Wanaoshindana hupunguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, kisha huachia breki wanapokata. Kuzibana katikati ya kona yenye kokoto ni kuliomba gurudumu la mbele liteleze.

Msimu pia ni wa kuangalia. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu hugeuka sabuni, na hata baiskeli ya mamilioni husimama matope yakijaa kwenye uma. Juni hadi Septemba njia hukauka, ingawa ukungu wa asubuhi huficha mashimo.

Kama unataka kujaribu, anza na fundi. Mwambie abadilishe raba zote nne za breki, anyooshe rimu na apunguze upepo kidogo ili tairi lishike kokoto. Kisha teremka polepole mara ya kwanza, gusa rimu ukifika chini. Ikiwa ya moto, ulibana breki muda mrefu mno.