Kuku wa Tanuri na Wapishi wa Televisheni ya Zamani

Miongoni mwa vyakula ambavyo watu wa Uingereza na Marekani huvipa heshima ya karamu, ndege mzima aliyeokwa tanurini ana kiti chake mbele. Huletwa mezani mzima, ngozi yake imegeuka rangi ya dhahabu, na mwenyeji hushika kisu akamkata mbele ya wageni. Kwa sababu hiyo ni chakula kisichoweza kuficha kosa. Mchuzi uliopungukiwa chumvi hutengenezwa chunguni, na mkate uliovunjika hukatwa vipande mtu asijue. Lakini kuku aliyekauka kifua, au aliyebaki na damu katika paja, humshuhudia mpishi wake palepale mbele ya watu. Televisheni ilipofundisha upishi baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege huyu alikuwa mtihani kwa walimu kuliko alivyokuwa somo kwa wanafunzi. Wawili katika walimu hao, Fanny Cradock wa Uingereza na Julia Child wa Marekani, waliuendea mtihani ule kwa njia mbili zilizopingana, na hukumu ambayo watazamaji waliwapa yastahili kuchunguzwa hata na mtu asiyekusudia kupika.

Kwanza neno moja juu ya lugha. Kiswahili kimegawa kazi ya moto kwa uangalifu. Kuchoma ni kwa makaa au ndimi za moto. Kubanika ni kwa kijiti kilichosimamishwa kando ya moto. Kuoka ni kwa joto lililozunguka kitu pande zote, kama mkate unavyookwa. Ndege anayezungumzwa hapa huokwa. Mama wa pwani apaliaye makaa juu na chini ya sufuria ajua siri ya kazi hii pasipo kuambiwa na televisheni yoyote, maana siri yenyewe ni joto lizungukalo na subira ya mwenye kungoja.

Stesheni ya BBC ilirejesha matangazo yake ya televisheni Juni 1946, baada ya kuyafunga muda wote wa vita, na mwaka huohuo Philip Harben akaanza kupika mbele ya kamera. Katika mwaka uleule James Beard, mtu wa umbo kubwa na mapenzi makubwa ya kula, alitokea katika NBC ya New York kwa kipindi kifupi kilichodumu hata mwaka 1947. Lakini hali za nchi hizo mbili hazikulingana. Marekani ilikuwa na nyama na siagi. Uingereza ilikuwa bado katika mgao wa chakula, ulioanza Januari 1940 na usiokwisha kabisa ila tarehe 4 Julai 1954; na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo fungu la siagi la mtu mmoja lilikuwa kama wakia 2 kwa juma zima. Kuku hakuwamo katika mgao, ila alikuwa haba na ghali. Basi mtazamaji wa London aliyeona siagi ikipakwa juu ya ngozi ya ndege aliona kitu ambacho jikoni kwake kingekula riziki ya majuma mawili au matatu. Asiyekumbuka jambo hilo atadhani kwamba wapishi wa zama zile walikuwa walafi tu. Siagi ile ilikuwa tangazo la amani.

Fanny Cradock aliingia katika njaa hiyo ya fahari kama mtu aliyekuwa akingojewa. Alizaliwa mwaka 1909 kwa jina la Phyllis Pechey; tangu mwaka 1950 aliandika juu ya vyakula katika gazeti la Daily Telegraph pamoja na mwenziwe Johnnie, mvaa miwani ya jicho moja, na kutoka katikati ya miaka ile wote wawili walikuwa katika televisheni. Bibi huyu alipika akiwa amevaa gauni la usiku na vito. Kabla ya hapo, na hata baadaye, walizunguka katika majumba ya maonyesho wakageuza jukwaa kuwa jiko, na moja ya vitu vilivyowapa sifa ni bata mzinga wa kuokwa aliyerudishiwa kichwa, mbawa na manyoya ya mkia, akaletwa kana kwamba yu hai na amekubali kuliwa. Ni rahisi kucheka leo. Lakini desturi ile ilikuwa ya karamu za wafalme wa Ulaya wa kale, waliomleta tausi mezani katika vazi la manyoya yake. Na Cradock alikuwa akiwaambia wake wa makarani na wa wenye maduka madogo kwamba meza ya mfalme si haramu kwao. Ndani ya majivuno yake mlikuwa na ukarimu. Shida ni kwamba aligawa ukarimu huo kwa sauti ya amri. Msaidizi aliyechelewa alikemewa mbele ya watazamaji, na kosa, lilipotokea, lilikuwa la mtu mwingine.

Julia Child alikuja kwa mlango mwingine kabisa. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1912, akafanya kazi katika idara ya upelelezi ya nchi yake huko Ceylon na China wakati wa vita, na hakujua kupika sawasawa mpaka alipofika Ufaransa mwaka 1948, umri wake ukiwa miaka 36. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha Le Cordon Bleu. Kitabu chake kikubwa, alichokitunga pamoja na Simone Beck na Louisette Bertholle, kilitoka mwaka 1961, na tarehe 11 Februari 1963 kipindi chake, The French Chef, kikaanza kuonyeshwa na stesheni ya WGBH ya Boston. Studio ya stesheni hiyo ilikuwa imeungua mwaka 1961, kwa hiyo vipindi vya mwanzo vilirekodiwa katika jiko la maonyesho la kampuni ya umeme mjini Cambridge, na kwa kuwa fedha zilikuwa chache kamera hazikusimamishwa ovyo: lililotokea limetokea.

Kuku wake wa tanuri ni kielelezo cha mafundisho yake. Kuku wa ratili 3 hukaushwa maji, hutiwa chumvi na siagi kidogo tumboni, hufungwa mapaja na mbawa kwa sindano na uzi, kisha hupakwa siagi mwili mzima. Tanuri huwa kali kwanza, kiasi cha digrii 220 za Selsiasi, kwa dakika 15, na kuku hugeuzwa ubavu huu na huu ili ngozi ipate rangi. Halafu joto hushushwa hata karibu na 180, naye humwagiwa mafuta yake kwa kijiko kila dakika 8 au 10. Kazi nzima huchukua saa moja na dakika 10 hata 20, na mwisho wake hujulikana kwa maji yatokayo katika paja, yakiwa meupe pasipo wekundu. Yaliyoganda chini ya sinia hukwanguliwa, yakatiwa kitunguu kidogo na supu, yakawa mchuzi.

Katika masharti hayo mna elimu zaidi ya inayoonekana. Ngozi yenye maji haiwezi kugeuka rangi, kwa sababu joto lote hutumika kwanza kuyafukuza maji. Siagi nayo ina chembe za maziwa zinazoiva na kuwa kahawia mapema kuliko mafuta matupu, ndiyo maana rangi yake haipatikani kwa mafuta mengine. Kifua huiva upesi na kukauka, ilhali paja huchelewa. Kumgeuza kuku ni kujaribu kuamua ugomvi wa viungo viwili vya mwili mmoja. Wapishi wengi wa leo hawakubali kumfunga kuku kwa kumbana, wakisema kwamba paja lililobanwa huzidi kuchelewa, na hoja yao ina nguvu. Zaidi ya hayo Child aliwaosha kuku wake kwa maji, na jambo hilo mabingwa wa afya wa siku hizi hulikataza, maana maji yanayoruka hueneza vijidudu jikoni. Mwanafunzi amwigaye mwalimu na amwige akijua.

Sasa tazama taabu iliyokuwapo. Kuku ataka zaidi ya saa moja. Kipindi kilikuwa hakitimizi nusu saa. Ilibidi basi wawepo kuku kadhaa, mmoja mbichi, mmoja aliyefika katikati, mmoja aliyekwisha kuiva, kila mmoja akitolewa wakati wake. Televisheni iliwezesha hivyo jambo ambalo jiko haliliwezi: ilifuta kungoja. Na pale palipofutwa kungoja ndipo ilipoweza kuingia hila, kwa kuwa mtazamaji huona mwanzo na mwisho pasipo kuona kati, akadhani ustadi ni muujiza. Cradock aliuacha muujiza usimame. Child aliubomoa kila alipopata nafasi, akionyesha alipokosea na namna ya kulirekebisha kosa.

Kipindi chake cha kuku wa kuokwa, kilichotolewa mwaka 1971 wakati televisheni yake ilikwisha kuwa ya rangi, kilianza kwa kuwapanga mezani kuku wa umri na ukubwa mbalimbali, mmoja kando ya mwingine, akiwataja kwa majina kama dada wa nyumba moja waliokuja kutambulishwa kwa wageni, kutoka kwa mdogo wa kuchomwa mpaka bibi kizee wa kuchemshwa. Mswahili hatahitaji kufundishwa kwamba pora si jogoo, wala tembe si koo. Lugha yake imeyahifadhi majina hayo. Mmarekani wa mwaka 1971 alihitaji, na sababu yake yafaa kuelezwa.

Kati ya mwaka 1946 na 1951 palifanywa nchini Marekani mashindano ya kumtafuta kuku wa kesho, chini ya ufadhili wa maduka ya A&P, fainali zake zikawa mwaka 1948 na 1951. Walitafuta ndege mwenye kifua kipana, akuaye upesi kwa chakula kichache. Wakampata, na mashamba makubwa yakamzidisha. Kuku aliyekuwa wa Jumapili na wa mgeni akawa wa kila siku, mwenye umri mmoja na uzito mmoja, amefungwa katika karatasi laini. Hivyo ndivyo mambo yalivyokutana kwa namna ya ajabu: katika miaka ileile ambayo wapishi wa televisheni walifundisha heshima ya ndege wa karamu, ndege mwenyewe alikuwa akipoteza bei yake na, kwa maneno ya Child mwenyewe aliyelalamika zaidi ya mara moja, ladha yake pia. Siagi iliyokuwa tangazo la amani ikawa sasa msaada kwa nyama isiyojiweza.

Cradock aliangushwa na ndege. Mwaka 1976 BBC ilikuwa na kipindi kilichoitwa The Big Time, ambacho kiliwachukua watu wa kawaida kikawapa kazi ya mabingwa. Mke wa mkulima wa Devon, aitwaye Gwen Troake, alipewa kuandaa karamu katika hoteli ya Dorchester kwa wageni wakubwa, akiwamo Edward Heath aliyekuwa waziri mkuu. Alikusudia kupika bata kwa mchuzi wa matunda meusi ya vichakani, na baada yake kitamutamu kizito cha kahawa. Cradock aliletwa ampe shauri. Alisikiliza akakunja uso, akazungusha macho, akafanya kama mtu anayetaka kutapika, na yule mama wa shamba ameketi mbele yake kwa adabu. Watazamaji walighadhibika. Cradock aliomba radhi, lakini BBC ilikatisha mkataba wake, wala hakupata tena kipindi chake cha upishi huko hata alipofariki mwaka 1994.

Haki yataka isemwe kwamba shauri lake halikuwa la kipumbavu. Bata ni ndege wa mafuta. Kumfuatisha na krimu nzito ni kumchosha mgeni, na wapishi wengi wangesema hivyo. Hakuhukumiwa kwa upishi. Alihukumiwa kwa kuwa alimwona mtu akikaribia kukosea, naye akachukua kosa lile kuwa tusi kwake.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1978, mchekeshaji Dan Aykroyd alimwigiza Julia Child katika kipindi cha Saturday Night Live, akimkatakata kuku, akajikata kidole, damu ikaruka kama maji ya mfereji huku yeye akiendelea kufundisha. Mchezo ule ulikuwa na chimbuko la kweli, maana Child aliwahi kujikata kabla ya kutokea katika televisheni. Mwingine angekwenda kwa wakili. Child aliuweka ukanda wake nyumbani, akawaonyesha wageni wake.

Naye pia ana ndege aliyeanguka, ila wake hakuwapo kamwe. Mpaka alipofariki mwaka 2004, na hata baada ya hapo, watu wengi walisimulia kwamba walimwona kwa macho yao akimwangusha kuku sakafuni, wengine husema bata mzinga, akamwokota, akampangusa na kumwandaa. Katika kanda zilizobaki hakuna tukio hilo. Lililomo ni la mwaka 1963: andazi la viazi, aliporusha kikaango ili kuligeuza, likavunjika na kumwagika juu ya meko. Alikusanya vipande akavirudisha katika kikaango, akawaambia watazamaji kwamba mtu akiwa peke yake jikoni hapana amwonaye, kisha akaendelea na kazi.