Luteni Columbo na Suala la Taharuki

Ukimwuliza mtahiniwa aeleze maana ya taharuki, aghalabu atakujibu kwamba ni hali ya msomaji kutojua litakalotokea. Jibu hilo si baya, ila limepungukiwa. Mwanafunzi akilishika hivyo hivyo, ataamini kwamba hadithi inayomtaja muuaji tangu mwanzo haina taharuki. Historia ya mhusika mmoja wa runinga, Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles, Marekani, itatusaidia kulirekebisha wazo hilo.

Columbo ni zao la waandishi wawili, Richard Levinson na William Link, waliokuwa marafiki tangu siku zao za shule. Mhusika huyu alionekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1960 katika mchezo wa runinga, Enough Rope, akiigizwa na Bert Freed. Mwaka wa 1962 waandishi hao waliupeleka mchezo jukwaani kwa jina la Prescription: Murder, na mara hii Thomas Mitchell ndiye aliyekuwa Columbo. Mwaka wa 1968 tamthilia hiyo ilifanywa filamu ya runinga, na hapo ndipo Peter Falk alipoichukua nafasi hiyo. Kuanzia 1971 hadi 1978 msururu ulionyeshwa na shirika la NBC. Shirika la ABC liliufufua mwaka wa 1989, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa mwaka wa 2003. Kwa jumla, Falk aliigiza katika sehemu 69. Alifariki mwaka wa 2011.

Sasa tuutazame msuko. Hadithi ya upelelezi tuliyoizoea huanza na maiti, kisha mwandishi humficha muuaji hadi mwishoni. Mwaka huo huo wa 1960, Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyomtambulisha Bwana Msa na kiko chake kwa wasomaji wa Kiswahili. Huko msomaji hukisia, hupotea njia, kisha Bwana Msa humfumbulia fumbo. Levinson na Link waliupindua utaratibu huo. Katika sehemu nyingi za Columbo, hadhira humwona muuaji akitenda uovu wake kabla mpelelezi hajafika. Swali la nani aliua limekwisha kujibiwa. Linalobaki ni hili: huyu mjanja atanaswa vipi?

Mbinu hii ina mizizi mirefu. Mwingereza R. Austin Freeman aliitumia katika mkusanyiko wake wa hadithi, The Singing Bone, uliotoka mwaka wa 1912. Kabla yake, Dostoyevsky wa Urusi, katika riwaya yake ya mwaka wa 1866, Crime and Punishment kwa jina lake la Kiingereza, alimwonyesha msomaji Raskolnikov akiua, kisha akamleta Porfiry Petrovich, mchunguzi mpole mwenye maneno mengi. Waundaji wa Columbo walikiri kwamba Porfiry ni mmoja wa mababu wa mhusika wao.

Chukua mfano wa sehemu iitwayo Murder by the Book ya mwaka wa 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana. Ken Franklin na Jim Ferris huandika riwaya za upelelezi pamoja, lakini Jim ndiye mwandishi hasa. Jim anapotaka kujitenga, Ken anamwua akiwa kwenye simu na mkewe, naye mke anadhani mumewe yuko ofisini mjini. Hadhira inayajua yote haya. Hata hivyo, haijui kwamba mpango wenyewe umeandikwa katika karatasi za marehemu. Columbo anauona humo, na Ken anakiri kuwa hilo ndilo wazo zuri la pekee alilowahi kulibuni. Hicho ni kinaya cha hali ya juu: mtu asiyeweza kuandika ananaswa na maandishi.

Tazama pia usawiri. Wauaji wa Columbo aghalabu ni matajiri na wasomi wenye majumba ya fahari. Yeye huja na koti la mvua lililokunjamana na gari kuukuu, akimtajataja mkewe ambaye hatumwoni kamwe. Huaga, hufika mlangoni, kisha hurudi na swali moja dogo lililosalia. Wenye nguvu humwona mjinga, wakasema zaidi ya walivyopasa kusema. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Umaskini wa mavazi yake, basi, unausukuma msuko na kubeba maudhui ya utabaka kwa wakati mmoja.

Kutokana na hayo, nakupendekezea, mwalimu, uwape wanafunzi swali hili wanapochambua taharuki katika kazi yoyote: nani anajua nini, na anakijua lini? Msomaji akijua asilolijua mhusika, taharuki huenda sambamba na kinaya cha kidrama. Mhusika akijua asilolijua msomaji, taharuki hutokana na ufiche. Columbo huziunganisha njia zote mbili, kwa kuwa sisi tunamjua muuaji, lakini hatujui mpelelezi amekwisha kugundua nini.

Nawe mtahiniwa, usitosheke na kuandika kwamba mwandishi ametumia taharuki. Taja tukio, onyesha ni nani anayefichwa jambo, kisha eleza ufichaji huo unaendeleza vipi ploti au maudhui. Ukifanya hivyo, mtahini ataona kwamba umeielewa kazi unayoijadili, hukukariri istilahi tu.