Ufa na Ukuta: Habari za Nyumba za Pittsburgh

Wasikilizaji, wazee wetu walituachia neno hili: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maana yake yajulikana hata na watoto. Lakini je, kama mwenye nyumba auona ufa, naye ataka kuuziba, ila hana fedha wala hapati mtu wa kumkopesha, itakuwaje? Jambo hili liliwapata watu wa Pittsburgh, mji wa Marekani, nami leo nataka kuwasimulia habari zao.

Mji huo umejengwa mahali mito miwili, Allegheny na Monongahela, inapokutana na kuwa mto mmoja uitwao Ohio. Ulipata sifa kwa viwanda vyake vya chuma cha pua. Wafanya kazi walikaa katika nyumba zilizosongamana, na miaka ilipopita mapaa yakavuja na kuta zikapasuka.

Mwaka wa 1949 Marekani ilitunga Sheria ya Nyumba. Nia yake ilikuwa njema, kwani ilikusudia kila jamaa ipate makao yafaayo. Mji uliponunua mtaa mbovu, ukaubomoa, kisha ukauza viwanja, Serikali Kuu ilitoa theluthi mbili za hasara iliyobaki. Basi angalieni hapo: fedha za kubomoa zilipatikana kwa wingi, lakini za kutengeneza zilikuwa haba. Sheria ya mwaka wa 1954 iliruhusu matengenezo pia, walakini nyundo ya kubomoa ndiyo iliyotangulia.

Mwaka wa 1956 Pittsburgh ilianza kubomoa mtaa wa Lower Hill, ambao wenyeji wake wengi walikuwa watu weusi. Watu wapatao 8,000 walihamishwa, na maduka na kazi zaidi ya 400 zikaondolewa. Mahali pao pakajengwa ukumbi mkubwa wa michezo, uliofunguliwa mwaka wa 1961. Ukumbi huo nao ulifungwa mwaka wa 2010, ukabomolewa. Nyumba zilikwenda, na jengo lililozifukuza likazifuata.

Ng'ambo ya mto Allegheny, katika mtaa wa Central North Side, watu waliyaona hayo wakaogopa. Kati yao alikuwako mama mmoja, Dorothy Mae Richardson. Yeye alisema kwamba nyumba zao hazikuwa za kuvunjwa, bali za kutengenezwa. Shida ilikuwa benki. Katika mitaa ya namna hiyo wenye benki hawakupenda kukopesha, hata kama mwombaji alikuwa mtu wa kazi na mlipaji mwema. Bibi huyo na jirani zake wakawaendea wakuu wa mji na wenye benki, wakasema nao bila kuchoka.

Mwaka wa 1968 benki na vyama vya akiba 16 vilikubali kukopesha katika mtaa huo. Kwa wale wasiofikia masharti ya benki uliwekwa mfuko wa pembeni. Mtu alikopa, akatengeneza paa lake, akarudisha kidogo kidogo. Na fedha iliporudi alikopeshwa jirani mwingine. Mji nao ulikuwa na sehemu yake, yaani kukagua nyumba na kutengeneza njia. Chama hicho kiliitwa Neighborhood Housing Services, na katika baraza lake wenyeji walikaa pamoja na wenye benki. Mwaka wa 1978 Serikali Kuu iliunda shirika la kueneza mfano huo katika miji mingine.

Kabla ya hapo, tarehe 22 Agosti 1974, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria nyingine. Kwa sheria hiyo mafungu kadhaa ya fedha yaliunganishwa kuwa moja, na miji ikapewa uhuru wa kuamua: kutengeneza nyumba, kuchimba mifereji, au kuwahudumia wazee na watoto. Mgawo ulipimwa kwa hesabu ya watu, umaskini, na msongamano. Na tangu mwaka wa 1977 hesabu ya nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka wa 1940 iliweza kuingia pia. Hivyo uzee wa nyumba, uliokuwa sababu ya kuvunjwa, ukawa sababu ya kusaidiwa.

Uhuru huo ulileta mashindano. Fedha ni moja, na wenye haja ni wengi. Paa la mjane litangulie, au chakula cha wazee? Baadaye sheria iliweka mipaka: katika kila dola 100, zisipungue 70 kwa faida ya watu wenye kipato kidogo, na kwa kawaida zisizidi 15 kwa huduma za watu. Tena mji ulilazimishwa kuwaita wenyeji na kuwasikiliza kabla ya kugawa. Hata hivyo, bei zilivyopanda miaka kwa miaka, thamani ya fedha hizo ilipungua sana, na kila dola ikazidi kugombewa.

Wasikilizaji, twajifunza nini? Fedha za Lower Hill hazikuwa kidogo; zilikosa shauri la wale waliolala chini ya mapaa yale. Fedha za Central North Side zilianza na jirani waliogonga milango. Basi baraza lenu litakapokaa kugawa fedha za watu wote, msikose kwenda. Ajuaye mahali penye ufa ni yule anayelala ndani ya nyumba.