Karata za Kale na Wakusanyaji Wake

Karata hutengenezwa ili zichakae. Huchangwa, hupigwa mezani au jamvini, hulowa jasho la vidole, na moja ikipotea jozi nzima haina kazi tena. Ndiyo maana michezo iliyochapishwa kwa maelfu katika karne zilizopita imebaki kwa uchache mno, na iliyobaki aghalabu ni ile ambayo haikuchezwa: zawadi iliyosahaulika kabatini, jozi ya kifahari iliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya mtawala, au kurasa za kiwandani zilizotupwa kabla ya kukatwa. Wafunga vitabu wa Ulaya wa karne ya 15 na ya 16 walitumia karatasi chakavu kukazia majalada yao, na wahifadhi wa maktaba walipoyafumua baadaye walikuta ndani yake karata za chapa ya mbao zisizojulikana kwingine. Mkusanyaji hufanya kazi na mabaki ya namna hii. Historia anayoijenga ina mapengo, na mapengo yenyewe yapo palepale ambapo mchezo ulipendwa zaidi.

Asili ya karata ni China, lakini jozi ya kale inayofanana kwa karibu na ile ya leo imetoka Misri ya Wamamluki. Imehifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, ambako mtafiti L. A. Mayer aliitambua mwaka 1931. Karata 47 ndizo zilizobaki kati ya zinazokadiriwa kuwa 52. Zina mafungu manne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, na kila fungu lina mfalme, naibu na naibu wa pili. Malkia hayumo, wala sura ya mtu yeyote. Vyeo vimeandikwa kwa Kiarabu juu ya mapambo ya dhahabu na buluu. Ulaya ilizipokea karata katika miaka ya 1370, na miongoni mwa ushahidi wa mwanzo, kama ilivyo kawaida ya mambo ya starehe, ni amri ya kuzidhibiti: Florence ilitoa yake mwezi Machi 1377. Waitaliano, Wahispania na Wareno walibaki na vikombe, sarafu na panga. Fimbo za polo, mchezo ambao hawakuufahamu, zikageuka kuwa magongo.

Ni kwa njia ya Wareno kwamba karata zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mabaharia waliozunguka Rasi ya Tumaini Jema tangu safari ya Vasco da Gama ya 1497 hadi 1499 walizibeba hadi Goa na Japani, na njiani zikashuka Msumbiji, Mombasa na bandari nyingine. Hakuna haja ya kutafuta jozi yao kabatini ili kulithibitisha hilo. Mchezaji wa Unguja anayeita fungu lenye umbo la moyo kopa, yaani vikombe, anafanya kama Mreno, ambaye naye alipopokea michoro ya Kifaransa aliendelea kutumia majina ya zamani. Uru ni dhahabu ya zile sarafu, shupaza ni panga, pau ni gongo. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika hesabu ya mchezo. Katika wahedi wasitini, mchezo wa karata wa pwani hiyo, ree ina pointi 11, seti, yaani saba, 10, na wazungu watatu, yaani karata za picha, huhesabiwa 4, 3 na 2; jumla ni 120, na anayefika 61 ameshinda. Hesabu hiyo, pamoja na ajabu yake ya saba kumpita mfalme, ndiyo ya bisca na sueca za Ureno. Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, iliwatoka Wareno mwaka 1698. Kanuni za mchezo wao hazikuondoka nao.

Jozi za Ulaya za karne ya 15 zilizosalia ni za matajiri. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya tarot, iliyotengenezwa Milano yapata 1450 kwa ajili ya familia za Visconti na Sforza. Kati ya karata 78 zipo 74, tena zimegawanyika: 35 ziko katika maktaba ya Morgan, New York, 26 katika Accademia Carrara ya Bergamo, na 13 mikononi mwa familia ya Colleoni. Jozi pekee ya karata za kawaida ya karne hiyo iliyo kamili, yenye karata zote 52, ni ile inayoitwa ya Cloisters, iliyochorwa Uholanzi ya Kusini kati ya 1475 na 1480, na mafungu yake ni vifaa vya uwindaji kama pembe na kola za mbwa. Safari yake ya kibiashara wakusanyaji huihadithia mara kwa mara: mfanyabiashara wa Amsterdam aliinunua mnadani Paris mwaka 1978 kwa takriban dola 2,800, akafanya utafiti wa mavazi yaliyochorwa na wa karatasi yenyewe, na mwaka 1983 Metropolitan Museum of Art ikailipia dola 143,000. Kilichopandisha bei hapo ni tarehe iliyothibitishwa.

Kwa jozi za kawaida, zile zisizo na dhahabu, tarehe huthibitishwa na mtoza kodi. Uingereza ilianza kutoza ushuru wa senti sita za Kiingereza kwa kila jozi mwaka 1711. Kuanzia 1765 ofisi ya stempu yenyewe ndiyo iliyochapisha ree ya shupaza. Mtengenezaji alichapisha karata nyingine zote, kisha akainunua ile moja serikalini. Hivyo ree ikawa risiti. Kuighushi lilikuwa kosa la kunyongwa, na Richard Harding alinyongwa kwa kosa hilo London mwaka 1805. Mapambo mazito yanayoonekana hata leo kwenye ree ya shupaza ya jozi nyingi ni kivuli cha ushuru huo, uliopunguzwa hadi senti tatu mwaka 1862 na kufutwa kabisa mwaka 1960. Marekani nayo ilibandika stempu za kodi kwenye pakiti za karata kuanzia 1862 hadi 1883, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, kisha tena kuanzia 1894 hadi 1965. Stempu ikiwa bado ipo na muhuri wake unasomeka, mkusanyaji hana sababu ya kubahatisha.

Zipo alama nyingine pia. Tarakimu za pembeni, zinazomwezesha mchezaji kufungua karata kidogo tu mkononi, zilienea katika miaka ya 1870, sambamba na pembe za mviringo. Jokari alizaliwa Marekani katika miaka ya 1860 kama turufu kuu ya mchezo wa euchre. Jozi yenye pembe kali, isiyo na tarakimu wala jokari, na ambayo wafalme wake wamechorwa mwili mzima badala ya kichwa juu na kichwa chini, kwa kawaida imetangulia miaka ya 1870.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote kwa mkusanyaji wa leo, hata hivyo, haina kopa wala shupaza. Ni michezo iliyobuniwa kwa ajili ya familia zilizokataa karata. Katika jimbo la Massachusetts, lenye mizizi ya Wapuritani, karata za kawaida zilinuka kamari na ulevi, na mzazi mcha Mungu hakuziruhusu nyumbani. Mwaka 1843 kampuni ya W. & S. B. Ives ya mji wa Salem ilitoa mchezo wa Dr. Busby, unaonasibishwa na Anne Abbott, binti wa mchungaji: karata 20 za familia nne, na mchezaji huomba kwa wenzake mpaka amekusanya jamaa wote. Hakuna fedha mezani, hakuna alama za kamari, ila kuna kumbukumbu na ujanja kidogo. Ulifuatiwa mwaka 1861, palepale Salem, na Authors, ambamo familia ziligeuzwa kuwa waandishi na vitabu vyao. Mtoto aliyemtafuta Dickens au Longfellow alionekana anasoma, na wazazi waliridhika. Mchezo huu ulichapishwa upya na karibu kila kampuni ya Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, kiasi kwamba wapo wakusanyaji wanaoshughulika na Authors peke yake. Orodha ya waandishi hubadilika kutoka toleo hadi toleo, na mabadiliko hayo yanaonyesha, kuliko mtaala wowote wa shule, nani alihesabiwa kuwa mkubwa na nani aliangushwa.

Uingereza ilikuwa na mtindo wake. Kampuni ya John Jaques ya London ilitoa Happy Families katikati ya karne ya 19, yenye mafundi na wafanyabiashara wa mtaani, mchinjaji, mwoka mikate na wengineo, pamoja na wake na watoto wao, wote wakiwa na vichwa vikubwa vya kuchekesha. Mchezo wa Snap wa kampuni hiyohiyo ulifuata katika miaka ya 1860.

George Parker wa Massachusetts ndiye aliyeigeuza biashara hii kuwa kiwanda kikubwa. Mwaka 1883, akiwa na miaka 16, alichapisha nakala 500 za mchezo wake Banking, ambamo wachezaji hukopa benki na kubahatisha faida, na akaziuza karibu zote. Kampuni iliyokuja kuitwa Parker Brothers ilitoa Pit mwaka 1904, mchezo wa kelele unaoiga soko la nafaka la Chicago: wachezaji wote hupiga mayowe kwa wakati mmoja, wakibadilishana ngano, shayiri na mahindi. Mwaka 1906 ukaja Rook. Karata zake za msingi zilikuwa 56, za namba 1 hadi 14 katika rangi nne, bila mfalme, malkia wala ghulamu. Karata ya ndege iliongezwa baadaye. Familia za Wamennonite na Wakristo wengine wenye msimamo mkali waliupokea kwa mikono miwili. Ukweli ni kwamba Rook una mizunguko, turufu na unadi kama michezo waliyoikataza. Walichokataa ilikuwa picha, na Parker alilijua soko lake.

Karata zilibeba siasa pia. Mwaka 1909, kampeni ya wanawake wa Uingereza kudai kura ilipopamba moto, ulitolewa mchezo wa Panko, jina lililochezea lile la Emmeline Pankhurst, kiongozi wa kampeni hiyo, ukiwa na michoro ya E. T. Reed wa jarida la Punch. Upande mmoja ni wadai kura, upande wa pili mahakimu na mawaziri. Makumbusho huutafuta kwa bidii kama wakusanyaji binafsi. Upande mchafu wa hazina hii haufichiki: matoleo mengi ya michezo ya Old Maid na Snap ya Uingereza na Marekani yaliwachora watu weusi kwa dhihaka ya kuchukiza, tena kwa ajili ya watoto. Jumba la makumbusho la Jim Crow la Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, hukusanya vitu vya aina hiyo kwa makusudi ili vifundishe. Kuvipamba sebuleni bila maelezo ni jambo jingine.

Ukusanyaji wenyewe ulipata heshima kupitia Lady Charlotte Schreiber, mfasiri wa hadithi za kale za Wales, ambaye uzeeni alikusanya karata kutoka kila pembe ya Ulaya, akazichapishia vitabu vikubwa vitatu, na alipofariki mwaka 1895 akaziachia British Museum. Huko Hispania, Félix Alfaro Fournier wa kiwanda cha karata cha Vitoria alianza mwaka 1916 mkusanyo uliozaa makumbusho ya mji huo. Mkusanyo wa Mmarekani Melbert Cary uko Chuo Kikuu cha Yale. Turnhout nchini Ubelgiji na Issy-les-Moulineaux nchini Ufaransa zina makumbusho yao, na chama cha kimataifa cha wachunguzi wa karata, kilichoanzishwa mwaka 1972, hutoa jarida la kitaalamu.

Kwa mnunuzi wa kawaida mambo ni matatu: karata zote zipo, kasha lipo, na karatasi ya kanuni ipo. Hiyo ya tatu ndiyo hupotea kwanza, na bila yake michezo mingi ya karne ya 19 haichezeki tena. Kasha husaidia kukadiria tarehe kwa jina na anwani ya kampuni. McLoughlin Brothers wa New York, mabingwa wa chapa za rangi, walinunuliwa na Milton Bradley mwaka 1920, hivyo kasha lao la asili kwa kawaida ni la kabla ya hapo. Nakala za kisasa za jozi za kale ni nyingi na mara nyingine huuzwa kama asili. Taa ya urujuanimno huzifichua, kwa kuwa karatasi iliyotiwa kemikali ya kung'arisha, desturi iliyoenea baada ya vita vya pili vya dunia, hung'aa buluu chini yake.

Mpaka wa kinachoitwa cha kale unasogea kila mwaka. Uno ulibuniwa na kinyozi wa mji wa Reading, Ohio, Merle Robbins, mwaka 1971. Yeye na familia yake walichangishana dola 8,000, wakachapisha nakala 5,000 na kuanza kuziuza kwenye duka lake la kinyozi, kabla ya kuuza haki za mchezo huo. Nakala hizo za mwanzo zilichezwa mpaka zikararuka, na zile chache zilizo kamili sasa zinatafutwa na wakusanyaji kama Rook ya 1906.