Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Fisi wa hadithi tunamjua sote. Alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama huku, akasikia nyingine kule. Akashindwa kuchagua. Akaweka miguu ya kulia kwenye njia hii na ya kushoto kwenye njia ile, akaendelea kutembea hadi akapasuka msamba. Shuleni tuliambiwa kosa lake lilikuwa tamaa. Mimi naona shida yake ilikuwa nyingine: alikuwa na njia mbili na hakuwa na kanuni ya kumwambia apite ipi, na lini.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo ambalo halina ushairi hata kidogo: jinsi kompyuta yenye laini mbili za intaneti inavyoamua data itoke kwa mlango upi. Ukianzia kwenye seva ndogo ya Linux mtaani ukafika kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari pale Mombasa, unakutana na funzo lile lile. Kununua njia ya pili ni rahisi. Kazi ni kuandika kanuni ya kuitumia, na anayeiandika ndiye mwenye nguvu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND huko California, alitafuta namna ya kujenga mtandao wa mawasiliano ambao ungebaki hai hata baada ya shambulio la nyuklia. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1964 alipendekeza ujumbe ukatwe vipande vidogo, na kila kipande kitafutiwe njia kutoka kituo hadi kituo. Kituo kimoja kikifa, vipande vinazunguka. Uingereza, Donald Davies alilifikia wazo kama hilo kivyake, na ndiye aliyevipa vipande hivyo jina tunalolitumia hadi leo: pakiti. Mwaka 1969 Marekani ikawasha ARPANET, na wazo likaanza kutembea.

Ili mambo yaende haraka, kila kituo kilipewa kazi nyepesi. Pakiti ikifika, rauta inasoma anwani ya inakokwenda, inaangalia jedwali lake la njia, inaisukuma mbele. Ni kama konda wa matatu. Anakuuliza, "Unashuka wapi?" Ulipandia wapi si shida yake.

Swali hilo moja lilitosha kwa miaka mingi, kwa sababu ofisi nyingi zilikuwa na laini moja tu. Jedwali lilikuwa na mstari mmoja wa maana: kitu chochote usichokijua, kipeleke kwa lango hili.

Sasa ongeza laini ya pili. Fikiria jengo la ofisi katikati ya Nairobi lenye mageti mawili. Umeingia kwa geti la nyuma, soja akabaki na kitambulisho chako, akakupa kadi ya mgeni. Ukimaliza shughuli zako, mtu wa ndani anakuelekeza utoke kwa geti la mbele kwa sababu ndiko kila mtu hutokea. Soja wa mbele anaitazama kadi yako. "Hii si yetu." Hapo umekwama.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa seva. Ina laini ya kampuni A na laini ya kampuni B, na kila laini ina anwani yake ya IP. Mtu wa nje anabisha kupitia anwani ya B. Seva inamsikia, inaandaa jibu, kisha inauliza lile swali lake moja: jibu linaenda wapi? Nje. Njia ya kwenda nje ni ipi? A. Basi jibu linatokea mlango wa A likiwa na anwani ya B mgongoni. Kampuni A, ikiona anwani isiyo yake, inaweza kuitupa pakiti hiyo, na ina sababu nzuri. Mwaka 2000 wahandisi wa intaneti walitoa waraka unaoitwa RFC 2827 wakishauri watoa huduma wafanye hivyo, ili wahalifu wasitume data kwa anwani za kughushi.

Linux yenyewe ina soja wake wa ndani, anaitwa rp_filter. Akiwekwa kwenye hali kali, pakiti ikiingia kwa B anajiuliza, "Kama ningemjibu huyu, ningepitia B?" Jibu likiwa hapana, anaitupa kimya kimya. Aliyebisha anasubiri tu, kama mtu aliyetuma meseji ikabaki na tiki moja.

Nilipoacha chuo nilifanya kazi kwa muda katika saiba moja mtaani, zile za kujaza fomu za KRA na kuchapisha barua za HELB. Mdosi alikuwa na duka la pili, na duka hilo lilikuwa likisoma rekodi za stoku kutoka kwa seva yetu. Akalipia laini ya pili ili biashara isisimame ya kwanza ikipotea. Taa za rauta zote mbili zilikuwa kijani. Bili zote mbili zililipwa kila mwezi. Lakini duka la pili likijaribu kuingia kupitia laini mpya, kimya. Fundi aliyekuja hakuleta kifaa chochote. Aliketi, akaandika mistari isiyofika kumi, akanywa chai, akaenda. Laini iliyokuwa ikilipiwa bure ikaanza kufanya kazi.

Mistari hiyo ina historia yake. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Toleo la 2.2 la keneli lilitoka Januari 1999, na ndani yake mlikuwa na kazi kubwa ya mwanaprogramu Mrusi, Alexey Kuznetsov. Badala ya jedwali moja la njia, sasa mashine ingeweza kuwa na majedwali hadi 255, na juu yake orodha ya kanuni zinazosema ni jedwali gani lisomwe. Kanuni hizo zingeweza kuuliza swali la pili: unatoka wapi?

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Unatengeneza jedwali la A lenye lango la A, na jedwali la B lenye lango la B. Kisha unaandika: pakiti inayotoka na anwani ya A isome jedwali la A, inayotoka na anwani ya B isome la B. Aliyeingia kwa geti la nyuma atoke kwa geti la nyuma. Kila kanuni ina namba, na keneli inazisoma kuanzia ndogo. Sifuri ni ya anwani za mashine yenyewe, 32766 ni ya jedwali kuu, 32767 ni ya jedwali la akiba. Zako unaziweka katikati, kabla jedwali kuu halijapata nafasi ya kusema "kila kitu kipitie A". Amri ni mbili, ip rule na ip route, na zote zinatoka kwenye programu ya Kuznetsov iitwayo iproute2.

Uwezo wa namna hii tayari ulikuwepo kwenye rauta za bei ghali za makampuni makubwa. Linux iliuleta bure kwa yeyote mwenye kompyuta kuukuu na kadi mbili za mtandao. Bert Hubert wa Uholanzi na wenzake wakaandika mwongozo unaojulikana kwa kifupi kama LARTC, wenye kifungu kizima kuhusu watoa huduma wawili, na mafundi wamekuwa wakikinakili tangu hapo.

Kuna mambo mawili ambayo kanuni hizo hazifanyi, na ni vizuri kuyajua. Unaweza kuiambia Linux igawe kazi kati ya laini mbili, hata uipe laini moja uzito zaidi. Lakini kwa kawaida mazungumzo mamoja hubaki kwenye njia moja. Laini mbili za megabiti 10 hazitakushushia faili moja kwa kasi ya 20. Tena, seva inalijua lango la jirani tu. Lango likiitika, seva inaamini njia yote ni nzima, hata kama mbele huko waya umekatika. Ndiyo maana mafundi huandika programu ndogo ya kubisha mbali kila baada ya sekunde chache, na kuhamisha njia kukiwa kimya.

Mbele huko ndiko Kenya ilikokuwa na shida yake. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na watoa huduma wa intaneti kadhaa, lakini kisheria mlango wa kwenda ng'ambo ulikuwa wa Telkom Kenya peke yake, kupitia Jambonet. Na kwa kuwa watoa huduma hawakuwa wameunganishwa wao kwa wao, barua pepe ya mtu wa Westlands kwenda kwa mtu wa South B ingeweza kupanda setilaiti, kushuka Ulaya au Marekani, kisha kupanda na kushuka tena Nairobi. Setilaiti hizo huwa umbali wa karibu kilomita 36,000 juu yetu. Kila kupanda na kushuka kunakula kama robo ya sekunde. Kwenda kwa mzunguko huo ni nusu sekunde, na kurudi ni nusu nyingine. Sekunde nzima, na dola za kigeni juu yake, ili Nairobi iongee na Nairobi.

Novemba mwaka huo watoa huduma wakajiunganisha katika kituo cha kubadilishana data kilichoitwa KIXP. Data ya humu ndani ibaki humu ndani. Telkom ikalalamika kuwa haki yake ya kipekee imevunjwa. Katika muda wa wiki mbili hivi, tume iliyosimamia mawasiliano wakati huo, CCK, ikaamuru kituo kifungwe kwa kuwa hakikuwa na leseni. Waya zilikuwepo. Mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni kanuni ya kuziruhusu. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya leseni kupatikana, na ukiritimba wa Telkom ukaisha mwaka 2004.

Kisha zikaja nyaya za baharini. SEACOM iliwashwa Julai 2009. TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah kule Ghuba, ilifika mwaka huo huo. EASSy ikafuata 2010. Tukaanza kujiona tajiri wa njia. Halafu tarehe 25 Februari 2012 nanga ya meli ikaukata TEAMS karibu na Mombasa. Aliyekuwa amenunua uwezo kwenye waya mwingine aliendelea. Aliyekuwa na waya huo peke yake alisubiri meli ya ukarabati.

Tarehe 12 Mei 2024 zamu ikageuka. EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na Mamlaka ya Mawasiliano ikaeleza kuwa TEAMS, ule uliokatwa 2012, ndio uliokuwa ukitumika kupitishia data kwa kuwa haukuguswa. Wiki hiyo nilikuwa na makala ya kumtumia mteja wa nje. Net ya nyumba ilikuwa inatambaa. Nikageukia bando la simu, kampuni nyingine kabisa, nayo inatambaa. Bili mbili, nembo mbili, rangi mbili, na huko baharini foleni moja. Makala ilifika siku ya pili, na malipo yakakatwa. Kwa sisi tunaokula kwa mtandao, njia ni kodi ya nyumba.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya Muswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchi nzima. Siku moja kabla, Mamlaka ilikuwa imesema haina nia ya kuifunga. Safaricom ikaeleza kuwa nyaya mbili za baharini zimepata hitilafu. Wengi mtandaoni hawakuamini. Hasira yao ilikuwa ya kisiasa, lakini chini yake kulikuwa na swali la ufundi ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza: data yetu ilikuwa na njia gani nyingine siku hiyo, nani alikuwa na funguo za majedwali, na kanuni zake zilisemaje? Waziri hawezi kulijibu kwa hotuba. Linajibiwa na rekodi za rauta, na rekodi hizo ziko mikononi mwa watu wachache.

Kwa hivyo ukienda kununua laini ya pili, iwe ya saiba, ya ofisi au ya keja, usiulize kasi na bei tu. Uliza inapitia nguzo gani mtaani kwenu, maana laini mbili kwenye nguzo moja zitaanguka na lori moja. Uliza inatokea baharini kwa waya upi. Kisha mtafute fundi anayejua ip rule, umlipe vizuri, na umwombe akuonyeshe alichoandika. Soma hiyo mistari hata kama huielewi yote. Siku laini moja itakapokufa, ndiyo itakayoamua kama ile nyingine ni njia au ni pambo la ukutani.