Majira ya njaa ya Uholanzi na alama zake katika miili

Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma, wakiitikia wito wa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London. Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi wakalipiza kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi. Zuio lilipolegezwa, mifereji ilikuwa imeganda kwa baridi na mashua hazikupita. Mwishoni mwa Februari 1945 mgawo rasmi ulikuwa chini ya kalori 600 kwa siku. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu, na zaidi ya 20,000 walikufa.

Katika dhiki hiyo wanawake waliendelea kubeba mimba, na wahudumu wa uzazi wakaendelea kupima vichanga na kuandika. Bila uaminifu wao tusingejua mengi.

Mwaka 1976 watafiti walichapisha uchunguzi wa vijana wa kiume 300,000 waliopimwa afya kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19. Wale ambao mama zao walipatwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene uliokithiri mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Waliopatwa na njaa miezi ya mwisho, au mara tu baada ya kuzaliwa, walikuwa na unene huo mara chache zaidi. Mwaka 1998 uchunguzi mwingine huko Amsterdam ulionyesha kuwa watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa, wakati huo wakiwa na miaka 50 hivi, miili yao haikudhibiti sukari vizuri kama ya wenzao.

Njaa haikubadilisha jeni zao. Lakini juu ya DNA hubandikwa chembechembe za methili, na hizo husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na kwa kiasi gani. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walipima damu ya watu 60 waliotungwa mimba wakati wa njaa, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Kwenye jeni ya ukuaji iitwayo IGF2, methili zilikuwa pungufu, miongo sita baadaye!

Inaniuma matokeo haya yanapogeuzwa kuwa lawama kwa akina mama. Chakula kilizuiwa na Wajerumani walioikalia nchi.

Tena, alama katika damu haithibitishi peke yake kwamba ndiyo inayonenepesha. Uchunguzi wa 2018 wa rika hilo hilo ulisogea mbele kidogo: methili zilieleza sehemu ya uhusiano kati ya njaa ya tumboni na uzito wa ukubwani, pamoja na mafuta katika damu. Sehemu tu.