Karne ya Kazi za Mikono Katika Shule za Kenya

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ilipopita Kenya ikikagua shule za Waafrika, ilishauri kwamba elimu yao ielekezwe zaidi kwenye kilimo, afya na kazi za mikono. Na kwa kuwa rai hiyo iliafikiana na matakwa ya serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikihitaji waashi na maseremala wa ujira mdogo, haikukosa watetezi. Huko Kabete kikaanzishwa chuo cha serikali cha kufundishia vijana ufundi, kisha ikafuata Shule ya Jeanes, iliyowaandaa walimu wa kuzunguka vijijini.

Walakini wazazi wengi waliyapokea hayo kwa shaka kubwa, si kwa kuudharau ufundi, maana kabla ya shule yoyote ya mkoloni mafundi wa Lamu walikuwa wakichonga milango ya nakshi na kuunda majahazi, bali kwa kuwa waliona bayana kwamba wana wa Wazungu wanapewa kalamu na wana wao wanapewa randa. Shule huru za Wakikuyu, zilizoenea katika miaka ya 1930, zilidai Kiingereza na vitabu, nami nasadiki kwamba dai hilo lilikuwa la haki. Msiba wake ni kwamba tuhuma ile iliendelea kuliandama somo lenyewe hata baada ya uhuru.

Mwaka 1985, kwa kufuata ushauri wa tume ya Mackay ya 1981, ukaja mfumo wa 8-4-4, uliomtaka kila mwanafunzi wa msingi asome ufundi, kilimo na sayansi kimu. Wazazi wakachangishana fedha kwa harambee wajenge karakana, na aghalabu zilipokwisha kuta, fedha nazo zikawa zimekwisha, meza za kazi na zana zisinunuliwe.

Hebu tutazame jambo moja tu, kiungo cha ulimi na tundu. Mtoto hupima ubao, akapiga mstari kwa kalamu ya risasi, akaukaza ubao katika jiliwa, akakata kwa msumeno nje kidogo ya mstari, kisha akachimba tundu kwa patasi taratibu, akijaribisha mara kwa mara: ulimi ukizidi unene hauingii, ukipungua kiti kitalegea siku ya kwanza ya kukaliwa. Maarifa haya yamo mkononi na jichoni, na hayapimiki kwa mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Lakini ndivyo yalivyopimwa, mtoto akaulizwa jina la chombo ambacho pengine hajapata kukishika. Mwanzoni mwa karne hii masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa taifa, na kisichotahiniwa hakikukawia kusahauliwa.

Sasa Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeurudisha ufundi, na tangu 2023 wanafunzi wa sekondari ya msingi wana somo la kuwatayarisha kwa ufundi, ambalo baadaye, kwa pendekezo la jopo la Profesa Munavu, liliunganishwa na kompyuta na biashara. Nakhofia muungano huo, kwani mwalimu mmoja, hodari namna gani, hawezi kuzimudu fani tatu, na ile inayotaka zana ndiyo itakayoachwa kwanza. Fauka ya hayo, tumekwisha kuona kazi za mikono zikipelekwa nyumbani, usiku mama na baba wakazitengeneza wao, au wakamlipa fundi, na asubuhi mtoto akazibeba kuzipeleka shuleni.

Laiti Wizara ingemwajiri yule fundi, huyu wa jua kali anayeranda mbao kando ya barabara hatua chache kutoka lango la shule, aingie darasani japo siku mbili kwa juma, akae ubavuni mwa mwalimu, watoto wajifunze kwake. Na fedha za kwanza zinunue misumeno, patasi na jiliwa kabla ya kununua vitabu vya kuzieleza.